Mfereji wa Castilla: Njia ya ngano iliyogeuka njia ya baiskeli

Kaskazini mwa Uhispania, mbali na fukwe zinazojaa watalii kila kiangazi, upo mfereji wenye urefu wa kilomita 207 ulioanza kuchimbwa mwaka 1753 na kukamilika mwaka 1849. Ulijengwa ili kuipeleka ngano ya bara karibu na bahari. Leo matishari ya mizigo hayapiti tena, lakini juu ya kingo zake, pale walipopita wanyama wa kuyakokota, hupita waendesha baiskeli. Makala haya yanaeleza jinsi mfereji huo ulivyojengwa, jinsi ulivyoshindwa na reli, njia zake zilivyo kwa msafiri wa leo, na sababu ya vijiji vya kandokando yake kumngoja msafiri huyo kwa matumaini.

Nchi ya ngano iliyofungiwa na milima

Castilla ya kale ni uwanda wa juu. Sehemu unakopita mfereji iko kati ya mita 700 na 850 hivi juu ya usawa wa bahari, katika mikoa ya Burgos, Palencia na Valladolid. Eneo linaloitwa Tierra de Campos limesifika tangu zamani kwa ngano yake. Ila kati ya mashamba hayo na bandari ya Santander imesimama safu ya milima ya Cantabria. Katika karne ya 18 mizigo ilibebwa kwa mikokoteni na migongo ya wanyama katika barabara mbovu, na mwaka wa mavuno mema haukuwa na maana kubwa kwa mkulima asiyekuwa na njia ya kuyafikisha mavuno hayo sokoni.

Mfalme Fernando VI na waziri wake, Marqués de la Ensenada, walitafuta dawa ya tatizo hilo. Antonio de Ulloa, afisa wa jeshi la majini na mwanasayansi, alishughulikia mpango, na mhandisi Mfaransa Carlos Lemaur akachora ramani. Wazo lilikuwa kuchimba mifereji kuanzia upande wa Segovia, kupita katikati ya mashamba, hadi Reinosa na hatimaye kufika baharini. Kazi ilianza tarehe 16 Julai 1753 mahali panapoitwa Calahorra de Ribas.

Mpango huo haukutimia wote. Fedha zilipungua, viongozi walibadilika, na vita dhidi ya majeshi ya Napoleon, kati ya mwaka 1808 na 1814, vilisimamisha ujenzi. Tawi la Kaskazini, lililoanzia Alar del Rey mwaka 1759, lilifika Calahorra de Ribas mwaka 1791. Mwaka 1831 Mfalme Fernando VII aliikabidhi kazi kwa kampuni binafsi. Tawi la Kusini likafika mji wa Valladolid mwaka 1835, na Tawi la Campos likafika Medina de Rioseco mwaka 1849. Miaka 96 ilikuwa imepita tangu jembe la kwanza, na mfereji haukuvuka milima wala haukuiona bahari.

Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na wafungwa, ambao wengi wao walifariki kwa maradhi na mazingira magumu. Msafiri anayestaajabia mawe yaliyochongwa vizuri kandokando ya maji hana budi kukumbuka pia mikono iliyoyapanga.

Ngazi za maji na baghala wa kukokota

Mfereji hauwezi kupanda mlima kama barabara. Pale ardhi inaposhuka, wahandisi walijenga vyumba vya mawe vyenye lango mbele na lango nyuma. Tishari liliingia chumbani, lango likafungwa nyuma yake, kisha maji yakaruhusiwa kuingia au kutoka polepole hadi yalipolingana na maji ya upande wa pili. Hapo lango la mbele likafunguliwa na safari ikaendelea. Kwa njia hiyo chombo chenye shehena nzito kilipanda au kushuka bila kuinuliwa na mtu.

Mfereji wa Castilla una vyumba 49 vya namna hii: 24 katika Tawi la Kaskazini, 18 katika Tawi la Kusini na 7 katika Tawi la Campos. Kwa jumla vinakabili tofauti ya kimo ya mita 150 hivi. Vile vya mwanzo vina umbo la yai. Vingi vilivyojengwa baadaye vina umbo la mstatili. Mashuhuri zaidi viko Frómista, ambako vyumba vinne vimefuatana kama ngazi na kuyashusha maji zaidi ya mita 14.

Matishari yalikokotwa kwa kamba na baghala, mnyama anayezaliwa na punda na farasi, akitembea juu ya ukingo. Ndiyo maana kando ya mfereji kuna njia za kukokotea zilizo tambarare na pana kiasi, na njia hizo ndizo zilizorithiwa na baiskeli. Nguvu ya maji yaliyoanguka penye vyumba vya malango haikuachwa ipotee: iliendesha vinu vya unga na viwanda vya karatasi na ngozi.

Enzi ya neema ilikuwa kati ya mwaka 1850 na 1860, wakati matishari zaidi ya 350 yalipokuwa yakisafiri katika mfereji. Lakini mshindani alikuwa njiani. Katika miaka ya 1860 reli ilikamilishwa kutoka uwandani hadi Santander, ikipita sambamba na mfereji na kuvuka milima ambayo mfereji haukuweza kuivuka. Biashara ikahamia kwenye garimoshi. Mwaka 1919 mfereji ulirudi mikononi mwa serikali, na mwaka 1959 usafiri wa mizigo ulikomeshwa.

Hata hivyo, maji hayakukauka. Mfereji unaendelea kunywesha mashamba na kuipatia maji miji ya Palencia na Valladolid. Mwaka 1991 ulitangazwa rasmi kuwa mali ya urithi wa utamaduni.

Njia tatu za kupita kwa baiskeli

Ukitazamwa katika ramani, mfereji una umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Mguu mmoja unaishia Valladolid, mwingine Medina de Rioseco, na njia panda iko El Serrón, karibu na kijiji cha Grijota.

Tawi la Kaskazini lina kilomita 75 na ndilo lenye mengi ya kutazamwa. Huanzia Alar del Rey, ambako maji ya mto Pisuerga huingizwa mferejini, na kupitia Herrera de Pisuerga na viunga vya Melgar de Fernamental. Karibu na hapo mfereji unavuka mto mdogo wa Abánades juu ya daraja la mawe: maji ya mfereji hupita juu, maji ya mto hupita chini. Kati ya Boadilla del Camino na Frómista, mwendesha baiskeli hukutana na mahujaji wa Kikristo waendao Santiago de Compostela kwa miguu, kwa kuwa njia yao ya kale hufuata ukingo wa mfereji hapo. Frómista kwenyewe kuna kanisa la San Martín la karne ya 11, mfano bora wa ujenzi wa zama hizo.

Tawi la Campos lina kilomita 78. Hapa miteremko ni michache, upeo wa macho hauna kizuizi, na mashamba ya nafaka yametanda pande zote. Hapa na pale husimama vibanda vya njiwa vilivyojengwa kwa udongo, vingine vya duara, vingine vya mraba, vingi vikiwa vimeanza kubomoka. Mwenye bahati huweza kumwona tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito kuliko wote warukao. Katika kijiji cha Villaumbrales kuna makumbusho ya mfereji, na mwisho wa safari, Medina de Rioseco, kinu cha unga cha San Antonio kimehifadhiwa pamoja na mitambo yake. Huko pia mtu anaweza kupanda mashua ya matembezi.

Tawi la Kusini lina kilomita 54, nalo hupita karibu na Palencia na Dueñas hadi bandari ndogo ya mfereji mjini Valladolid. Ndilo lenye reli na miji karibu zaidi, hivyo humfaa asiyetaka kwenda mbali na huduma.

Anayeanzia Alar del Rey huenda na mwelekeo wa maji, na njia humteremkia kidogo kidogo. Garimoshi la njia ya Palencia hadi Santander husimama Alar del Rey, Herrera de Pisuerga na Frómista. Medina de Rioseco haina tena huduma ya reli, kwa hiyo anayeishia huko hana budi kupanga mapema namna ya kurudi.

Maandalizi na sheria

Njia za kukokotea si za lami. Nyingi ni za udongo na changarawe, na baada ya mvua udongo wa Tierra de Campos hunata kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka. Baiskeli yenye matairi mapana inafaa zaidi. Mwenye baiskeli ya mbio yenye matairi membamba hahitaji kukata tamaa, kwani barabara ndogo za lami zinazounganisha vijiji zina magari machache, na anaweza kuufikia mfereji penye madaraja na vyumba vya malango.

Majira bora ni kuanzia Aprili hadi Juni, na tena Septemba na Oktoba. Kiangazi jua ni kali na kivuli ni cha nadra nje ya safu za miti iliyopandwa kando ya maji. Wakati wa baridi barafu na ukungu ni jambo la kawaida. Upepo hauna kizuizi katika uwanda huo, na upepo wa mbele unaweza kuchosha kuliko kilima. Maji ya mfereji si ya kunywa kabla ya kusafishwa, hivyo chupa zijazwe vijijini.

Sheria za Uhispania zinamtaka mwendesha baiskeli kuvaa kofia ngumu akiwa nje ya miji, na aliye chini ya umri wa miaka 16 kuivaa popote. Dereva wa gari anayempita mwendesha baiskeli lazima aache nafasi isiyopungua mita 1.5 kati yao. Taa ni lazima usiku na ndani ya mahandaki.

Mfereji huu si wa pekee. Katika bonde la mto Ebro upo Mfereji wa Kifalme wa Aragón, wenye urefu wa kilomita 110 hivi, ulioongozwa na kasisi Ramón Pignatelli. Maji yake yalipofika Zaragoza mwaka 1784, waliokuwa wakidai kwamba kazi hiyo haitawezekana walinyamaza. Miaka 2 baadaye Pignatelli alijenga chemchemi na kuipa jina la wasioamini. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1993 Uhispania imekuwa ikigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na sasa zina jumla ya zaidi ya kilomita 3,000.

Vijiji vinavyopungua watu

Mbona basi njia ya matembezi iwe jambo zito? Jibu liko katika hesabu ya watu. Mwaka 1950 maeneo yanayounda jimbo la leo la Castilla na León yalikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.8. Leo ni takriban milioni 2.4, ilhali idadi ya watu wa Uhispania nzima imepanda katika muda huohuo kutoka milioni 28 hadi zaidi ya milioni 48. Trekta zilichukua kazi za mikono mingi, na vijana wakafuata ajira Madrid, Barcelona na Bilbao. Tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu waliandamana mjini Madrid kuitetea ile wanayoiita Uhispania iliyoachwa tupu, wakidai madaktari, reli na intaneti vijijini.

Kijiji kinapobaki na wazee wachache, mkahawa hufungwa, kisha duka, kisha shule. Mwendesha baiskeli hawezi kuyarudisha hayo yote peke yake. Watalii huja kwa msimu, na mkulima bado anahitaji maji ya mfereji kuliko anavyohitaji wageni. Lakini msafiri wa baiskeli ana sifa moja ambayo mwenye gari hana: hawezi kwenda mbali bila kusimama. Lazima anywe, ale, alale, na pengine azibe tairi lililotoboka. Kilomita 60 kwa siku humwangusha katika kijiji ambacho gari hukipita kwa dakika mbili.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuzingatia kwa msomaji, hasa anayeishi Ulaya, atakayefikiria safari hii. Anayeanzia Alar del Rey asubuhi na kukimbilia hoteli za Palencia jioni ataona mfereji, ila vijiji havitakuwa vimefaidika na kupita kwake. Anayegawa safari yake kwa siku nne au tano, akalala Herrera, Frómista, Villaumbrales au vijiji vya jirani, na kununua mkate wake huko, atakuwa amesaidia duka hilo kuendelea kufunguliwa.

Waliouchimba mfereji huu walikusudia ngano itoke vijijini kwenda duniani, na lengo hilo lilitimia kwa miaka michache tu kabla ya reli kulichukua. Kazi iliyobaki leo ni ya mwelekeo wa pili: kuwaleta watu wa dunia vijijini, kwa mwendo wa polepole, juu ya njia ileile ya baghala.