Gramu Mia za Tambi Gani?

Pakiti ya spageti kwa kawaida huandikwa kwamba gramu 100 zina kilokalori 370 hivi. Tafuta spageti zilizopikwa kwenye jedwali la lishe, utakuta gramu hizo hizo 100 zina 158 au karibu na hapo. Hakuna aliyedanganya. Mwenye pakiti alipima tambi za dukani, ambazo katika kila gramu 100 maji ni kama gramu 10 tu. Mwenye jedwali alipima tambi zilizokwishakunywa maji sufuriani mpaka yakazidi nusu ya uzito wake. Maji hayana kalori. Gramu 100 zilizoingia jikoni zimetoka zikiwa 230 na ushei, na nishati ni ile ile.

Basi mtu anayepunguza mwili anapakua sahani ya gramu 240, anapiga hesabu kwa namba ya pakiti, anapata karibu 890, jioni analala njaa. Kumbe amekula 380 tu. Mwenzake kapima zikiwa kavu, kasoma namba ya zilizochemshwa, na anajiongezea sahani ya pili kwa raha zake.

Kwa mchele kosa hili ni gumu kulifanya kwa Kiswahili. Shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Ukisema umekula mchele, wenzako watakuonea huruma au watakuuliza meno yako yana hali gani. Andika "gramu 100 za wali" na kilokalori 130 zinaeleweka. Andika "gramu 100 za mchele" na 360 nazo zinaeleweka. Mwingereza mwenye neno moja kwa vyote viwili hana budi kuongeza maelezo kila mara, na akisahau, hesabu imeharibika. Unga na ugali vivyo hivyo. Hata ukavu tumeupa majina: muhogo uliokaushwa ni makopa, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani ni ng'onda.

Tambi hazikubahatika. Zina jina moja kuanzia rafuni hadi mezani, tena jina linalotaja umbo: tambi pia ni wingi wa utambi wa taa, na ukizitazama zilivyo ndefu na nyembamba huna la kuuliza. Hali yake inabidi tuiseme kwa kivumishi, na hapo ndipo shughuli inapoanza.

Wafasiri wengi hukimbilia "mbichi". Lakini mbichi ni neno lenye mambo mengi. Embe bichi halijaiva mtini. Kuni mbichi zina maji. Samaki mbichi hajapikwa, na pia hajakaushwa. Wali mbichi, kinyume na mantiki yote, umeshapikwa, ila haukuiva vizuri, na mpishi wake atasemwa. Sasa "tambi mbichi" ni zipi? Za kwenye pakiti hazina ubichi wowote, ni kavu hata zinavunjika. Kuna zile za Kiitaliano zinazokandwa kwa mayai na kupikwa siku hiyo hiyo. Hizo ndizo mbichi hasa, zina maji tangu mwanzo, na kalori zake kwa gramu 100 ni pungufu kuliko za pakiti. Tena Muitaliano huziepua tambi zikiwa bado na ukinzani kidogo kwenye jino, akasema zimeiva. Mpikie hivyo bibi wa Tanga uone kama hatazirudisha jikoni: "Mbona mbichi, mwanangu?"

"Kavu" ni afadhali, lakini nalo lina hila zake. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Wali mkavu ni wali usio na mboga. Kwa hiyo "tambi kavu, gramu 200" mtu anaweza kuzielewa, bila kosa lolote la lugha, kuwa ni tambi zilizopikwa na kuliwa bila mchuzi.

Na hilo "zilizopikwa" la kwenye jedwali, limepikwa vipi? Jedwali linamaanisha zimechemshwa kwa maji, zikachujwa. Huku pwani tambi za mwezi wa Ramadhani hukaangwa kwanza kwenye mafuta mpaka ziwe na rangi ya kahawia, ndipo zikatiwa tui, sukari na iliki, zikafunikwa, na moto ukapaliwa juu mpaka tui likauke lote. Hakuna kilichomwagwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kilokalori 120 hivi, na bado hujagusa tui wala sukari. Kuihesabia sahani hiyo 158 kwa gramu 100 ni kujifurahisha. Ningependa majedwali yetu yaseme "zilizochemshwa na kuchujwa" pale yanapomaanisha hivyo, na neno kupika liachwe kwa wapishi.

Kalori yenyewe haina usafi wa kujivunia. Mkemia Mfaransa Nicolas Clément alilitumia neno hilo katika mihadhara yake ya Paris miaka ya 1820 kwa joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Baadaye wanafizikia wakataka ya gramu moja, ndogo mara elfu, wakaiita jina hilo hilo. Ndiyo maana mtu anasema "kalori 380" na kitaalamu anamaanisha kilokalori 380. Mazoea hayo yameshakaa, na sioni haja ya kuyapigia kelele.

Kwenye tambi lakini nina msimamo. Vivumishi tuviweke pembeni, tuandike wakati wa kupima: "uzito kabla ya kupika", "uzito baada ya kuchemsha na kuchuja". Ni maneno marefu, ila hayana pa kuteleza. Mwenye familia hata mizani ya sahani hahitaji sana. Pakiti ya nusu kilo ina kilokalori 1,850 hivi, ziwe zimeiva sana au kidogo, maji yamezidi au yamepungua. Wakigawana watano sawasawa, kila mmoja amepata 370. Mafuta, tui na sukari vinahesabiwa kutoka kwenye chupa, nazi na kopo vilikotoka, kabla havijaingia sufuriani.