Safu ya Lugha: Kuyeyusha

Bukavu, kama kwingine Kivu, mafuta ya mchikichi huitwa mawese, nayo yakipikwa na soda kostiki huwa sabuni. Sabuni hiyo, tunasema, "inayeyusha" mafuta kwenye sahani. Neno hilo halitoshi. Chumvi huyeyuka majini, mafuta hayayeyuki. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta: mikia huzama ndani ya tone, vichwa hubaki nje, na matone madogo mno huzuiwa yasiungane tena. Hiyo ndiyo emulsheni. Hata maziwa ni mafuta yaliyotawanywa majini. Mtengeneza losheni anayeamini mafuta yameyeyuka atakoroga kidogo, atabania kiungo cha kushikilia matone, na mafuta yatajitenga juu ya chupa kabla haijauzwa. Mimi nachagua "kutawanya".