Historia fupi ya kushika chuma, kutoka reli hadi Kariobangi

Leo naweka kodi za kompyuta kando kidogo, niongee juu ya chaki. Si chaki ya ubaoni! Nasema ile ya mashine ya lethi, lile dude la mviringo lenye taya tatu au nne linaloshika chuma kikizunguka ili fundi akikereze.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzee mmoja hapa Kariobangi Light Industries, fundi wa lethi, ambaye nimemfahamu tangu nikiwa shule ya msingi. Siku moja aliniita nimsaidie kupima pete nyembamba za shaba alizokuwa ametoboa kwa ajili ya pampu. Nikachukua vernia, nikapima tundu upande huu, nikageuza, nikapima tena. Kila mahali namba ile ile. Nikamwambia kwa kiburi cha mtu wa kompyuta, "Mzee, ni mviringo kabisa." Kesho yake mteja alizirudisha zote. Shafti ilikuwa inakwama.

Vernia haikudanganya, mimi ndiye sikuelewa. Pete nyembamba ikibanwa na taya tatu inabonyea kidogo mahali patatu. Fundi anatoboa tundu la mviringo safi ndani ya pete iliyobonyea. Akilegeza taya, pete inarudi umbo lake, na tundu linageuka kuwa na pembe tatu butu. Umbo la namna hiyo, ukilipima kutoka ukuta hadi ukuta, linasoma karibu sawa kila upande, kwa sababu kila penye uvimbe, ng'ambo yake pana bonde. Ili uligundue, laza pete kwenye chuma chenye mfereji wa V, gusisha geji ya saa upande wa ndani, halafu uizungushe. Mshale utacheza mara tatu kwa kila mzunguko.

Mzee akaamua dawa ni kununua lethi ya mtumba ya kompyuta yenye chaki ya haidroliki. Pesa ni akiba yake pamoja na mkopo wa chama. Akaniuliza, "Kijana, wewe ndiye mtu wa kompyuta, ninunue?" Basi nikaanza kusoma, na kusoma kukanirudisha nyuma sana.

Chaki inayojipanga katikati yenyewe ni ya zamani. Mmarekani Simon Fairman alipata hataza yake mwaka 1840, kisha mkwe wake Austin Cushman akaiendeleza na kuiuza miaka ya 1860. Ndani yake mna sahani yenye mfereji wa konokono, na ukizungusha ufunguo mmoja taya zote zinasogea pamoja. Hesabu ya haidroliki ni ya zamani zaidi, kwani Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya shinikizo lake la maji mwaka 1795. Siku hizi mambo hayo mawili yamekutana: nyuma ya mhimili wa lethi kunakaa silinda ya mafuta, inavuta bomba linalopita katikati ya mhimili, na ndani ya chaki kabari inageuza mvuto huo kuwa mbano wa taya.

Na hapa Eastlands? Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji huu ukakua kama mji wa karakana. Wafanyakazi wa reli walijengewa nyumba Muthurwa na Makongeni. Ufundi wa vyuma ulipita kutoka karakana za reli na za mafundi Wahindi hadi kwa vijana Waafrika waliokuwa wasaidizi, nao wakaenda kujianzishia chini ya jua. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliuambia ulimwengu kwamba sekta hii si ya wavivu. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera ya jua kali.

Wakati huo huo kulikuwa na njia ya pili. Mwaka 1986 Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa. Magari hayo hayakufika sokoni, lakini mradi uliacha mashine, na mwaka 1994 ukageuka kuwa Numerical Machining Complex, ndani ya eneo la karakana za reli. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilihamishiwa Wizara ya Ulinzi. Kwa hiyo lethi za kompyuta zimekuwa Nairobi kwa miaka mingi, mwendo wa matatu moja tu kutoka kwa mzee wangu, naye bado anakaza chaki kwa ufunguo wa mkono. Hilo huniuma kila nikipita huko.

Turudi kwenye swali lake. Nilichojifunza ni kwamba haidroliki inakupa nguvu, haraka, na mbano ule ule kila mara. Haikupi mviringo. Taya tatu zikisukumwa na mafuta bado ni taya tatu, tena zinaweza kubonyeza zaidi! Kwa pete nyembamba cha kuuliza ni mbano unaenea wapi. Taya laini pana, zilizotobolewa kwa kipimo cha kazi yenyewe, zinakumbatia karibu pete nzima. Chaki ya taya sita inagawa mzigo. Na ipo mandreli ya haidroliki, ambayo haina taya kabisa: mafuta yanavimbisha ukuta mwembamba wa chuma, unaishika kazi kutoka ndani kwa usawa pande zote.

Kuna mengine matatu ya kuuliza muuzaji. Je, presha inaweza kushushwa chini vya kutosha kwa kazi laini? Je, silinda ina vali ya kuzuia mafuta yasirudi stima ikipotea? Kwetu hili si swali la mzaha. Na je, chaki inashika vipi ikienda kasi? Taya za nje hutupwa nje na mzunguko, na ukiongeza kasi mara mbili, mbano unaopotea huwa mara nne.

Kuna somo la programu pia. Mashine hizi zina swichi inayoiambia kompyuta kwamba presha iko sawa, na kompyuta inaruhusu mhimili uanze. Lakini swichi inajua habari za mafuta tu, haijui kama pete imeshikwa vizuri. Ni kosa lile lile langu na vernia: kipimo kilijibu vizuri swali ambalo sikupaswa kuliuliza.

Basi nikamshauri mzee aende na pete yake mwenyewe na geji ya saa, aombe itobolewe mbele yake, ilegezwe, ndipo ipimwe. Akaenda. Muuzaji akabana kwa taya ngumu zilizokuwepo, akatoboa, akalegeza. Mshale ukacheza mara tatu.

Mzee hakununua. Alirudi akakereza taya laini zake mwenyewe, akazifunga kwenye chaki ile ile ya ufunguo, na pete zilizofuata mteja hajazirudisha. Lethi ya kompyuta bado anaitaka, maana kazi zimezidi mikono, na pesa za chama ziko salama zikisubiri. Safari hii anajua la kuuliza. Nami nimeahidi kubeba geji.