Maneno Kabla ya Picha: Historia ya Utambuzi wa Sura katika Upelelezi wa Jinai na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utambuzi wa sura katika upelelezi wa jinai tangu Paris ya miaka ya 1880 hadi programu za kompyuta za leo. Hoja kuu ni kwamba vyombo vilivyobuniwa ili kuyakwepa maneno ya shahidi vimeshindwa kuyakwepa, na kwamba maelezo yake ya kwanza, yakiandikwa kama alivyoyatamka, ndiyo alama inayobaki ya kile alichokiona kabla picha ya polisi haijaingia kati. Katika Afrika Mashariki, ambako maelezo hayo mara nyingi hutolewa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa kwa Kiingereza, suala hili linawahusu wanaisimu sawa na linavyowahusu wapelelezi.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema duniani wawili wawili. Msemo huu hutamkwa aghalabu mtu anapomwita mpita njia kwa jina la rafikiye, akageukiwa na uso asioujua, naye akaomba radhi kwa neno moja: “Nilikufananisha.” Barabarani kosa hilo huisha kwa kicheko. Mahakamani humpeleka mtu gerezani kwa miaka mingi. Nchini Marekani, ambako hukumu za zamani zimepata kuchunguzwa upya kwa vipimo vya vinasaba, takribani theluthi mbili ya watu walioachiwa huru kwa njia hiyo walikuwa wametiwa hatiani kwa kuchangiwa na mashahidi waliokosea kuwatambua. Wengi wa mashahidi hao walisema walichokiamini kwa dhati.

Historia ya jitihada za kulizuia kosa hili kwa kawaida huandikwa kama historia ya vyombo: kamera, michoro, kompyuta. Makala haya yanaisoma kama historia ya lugha.

2.0 Paris na London: sura yageuzwa maneno

Alphonse Bertillon (1853–1914) aliajiriwa kama karani katika makao makuu ya polisi ya Paris mwaka 1879. Wakati huo maelezo ya wahalifu katika majalada yalijaa maneno yasiyobagua mtu na mtu, kama vile “wa kawaida” na “wa wastani”. Bertillon anakumbukwa zaidi kwa vipimo vyake 11 vya mwili, na kwa kuweka kanuni ya picha mbili za mtuhumiwa, ya mbele na ya ubavu. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kazi yake kubwa ni ile aliyoiita picha inayosemwa. Aliugawa uso katika sehemu zake, yaani paji, pua, sikio, mdomo na kidevu, kisha akaipa kila sehemu msamiati wenye mipaka ulioeleza ukubwa, umbo na mwinamo wake. Askari aliyefunzwa msamiati huo aliweza kumtafuta mtu katika umati akiwa na maneno tu kichwani mwake.

Vipimo vya mwili vilipitwa na alama za vidole, zilizoanza kutumiwa na Scotland Yard mwaka 1901. Wazo la msamiati wa sura halikupitwa. Liliacha funzo kwamba neno lina thamani katika upelelezi pale tu msemaji na msikilizaji wanapokubaliana juu ya maana yake.

Katika miaka hiyohiyo London ilitoa funzo la pili. Mwaka 1896 Adolf Beck alifungwa kwa kuwatapeli wanawake kadhaa, ambao walimnyooshea kidole mahakamani bila kusita. Ilidaiwa kuwa yeye ndiye mfungwa mmoja wa mwaka 1877 aliyejulikana kwa jina la John Smith. Jalada la gereza lilieleza kwamba Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa ametahiriwa. Jambo hilo lilibainika mwaka 1898, lakini Beck aliendelea kutumikia kifungo hadi mwaka 1901. Mwaka 1904 alitiwa hatiani tena kwa makosa ya aina ileile, na alinusurika kwa sababu tu mhalifu wa kweli alikamatwa kabla adhabu haijatolewa. Kashfa hiyo ilichangia kuundwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Uingereza mwaka 1907. Maneno sahihi yalikuwamo jalada-ni miaka yote hiyo, lakini macho ya mashahidi ndiyo yaliyopewa uzito.

3.0 Kutoka maneno hadi vipande vya picha

Karne ya 20 ilijaribu kuyapita maneno. Mwaka 1959, huko Los Angeles, Hugh McDonald alileta mfumo wa Identi-Kit, ambao shahidi aliutumia kuchagua macho, pua, nywele na midomo iliyochorwa kwenye karatasi angavu na kupangwa moja juu ya nyingine. Mwaka 1970 polisi wa Uingereza walianza kutumia Photofit ya Jacques Penry, iliyotumia vipande vya picha halisi. Dhana ya mifumo yote miwili ilikuwa ileile ya Bertillon: kwamba sura ni jumla ya viungo vyake.

Wanasaikolojia walipoichunguza dhana hiyo walikuta ina kasoro. Binadamu huikumbuka sura kwa ujumla wake, na kuivunja vipande humwia vigumu hata kama anamkumbuka mhusika vizuri. Ndiyo maana mifumo ya baadaye, kama EvoFIT iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stirling, humwonyesha shahidi nyuso nzima, akachagua zinazokaribiana na aliyemwona, na kompyuta ikazichanganya hadi ifike karibu zaidi.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo: picha hubadili kumbukumbu. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, North Carolina, mwanamke aliyebakwa aliwasaidia polisi kuunda picha ya mshambulizi. Kisha alichagua picha ya kijana mmoja miongoni mwa picha alizoonyeshwa, na baadaye akamchagua kijana huyohuyo katika gwaride la utambulisho. Kila hatua ilimwongezea uhakika. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilithibitisha kuwa mhalifu alikuwa mtu mwingine. Uso wa aliyefungwa ulikuwa umeziba nafasi ya uso wa mhalifu katika kumbukumbu ya shahidi.

Haki inatutaka tukiri kwamba maneno nayo yana madhara. Jonathan Schooler na mwenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba watu waliotakiwa kuieleza sura waliyoiona walikuwa wepesi zaidi wa kushindwa kuichagua baadaye kuliko wasiotakiwa kuieleza. Majaribio yaliyorudiwa katika maabara nyingi na kuchapishwa mwaka 2014 yaliithibitisha athari hiyo, hasa pale maelezo yalipotolewa muda mfupi kabla ya kuonyeshwa picha. Kwa hiyo umuhimu wa maelezo ya kwanza hautokani na dhana kwamba yanaiimarisha kumbukumbu. Unatokana na ukweli kwamba yakishaandikwa hayabadiliki tena, ilhali kumbukumbu hubadilika. Ndiyo kipimo ambacho kwacho kila utambuzi wa baadaye unaweza kupimwa.

4.0 Afrika Mashariki: kidole, gwaride na maelezo

Utawala wa kikoloni katika eneo letu ulianza na kidole. Kuanzia mwaka 1920 wanaume Waafrika nchini Kenya, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kibweta cha bati. Katika mashauri ya jinai, hata hivyo, sura ndiyo iliyosumbua, kwa kuwa mwizi wa usiku haachi kipande chake mlangoni.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilijibu mapema. Mwaka 1936, katika shauri la Mwango, iliidhinisha masharti ya gwaride la utambulisho: mtuhumiwa asimamishwe miongoni mwa watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha, na shahidi asimwone kabla ya gwaride. Mwaka 1942, katika shauri la Mohamed bin Allui, ilikwenda mbali zaidi. Ilisema kwamba panapokuwa na ubishi juu ya utambuzi, ukweli kwamba shahidi alitoa maelezo ya mtu aliyemwona, pamoja na maneno yenyewe ya maelezo hayo, ni mambo yenye uzito wa juu kabisa ambayo lazima yathibitishwe, kwanza na aliyeyatoa, kisha na aliyeyapokea.

Uamuzi huo ulitangulia kwa zaidi ya miaka 30 ripoti ya kamati ya Lord Devlin ya mwaka 1976 na mwongozo wa shauri la Turnbull nchini Uingereza. Mahakama za nchi zetu huru zimeuendeleza msimamo huo. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilielekeza kwamba ushahidi wa kuona usitegemewe hadi uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, na ikataja mambo ya kuchunguzwa: muda ambao shahidi alimwona mtuhumiwa, umbali, mwanga, na kama alimfahamu au alipata kumwona kabla.

Tatizo ni kwamba kanuni ya mwaka 1942 inahusu maneno, na maneno yana lugha. Shahidi alisema kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya kwanza. Nchini Tanzania, nje ya mahakama za mwanzo, kalamu ya hakimu kwa miaka mingi iliandika Kiingereza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yamebadili msingi huo. Nchini Kenya Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya Mahakama Kuu katika mashauri ya jinai.

5.0 Kiswahili cha sura

Tuchukue sentensi ya kubuni, lakini ya aina inayosikika kila siku: “Nilimwona kijana mmoja, mweupe, ana mwanya, nikamfahamu.” Ina mitego minne.

Kwanza, haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakibagui jinsia, na mfasiri analazimika kuchagua kiwakilishi cha Kiingereza ambacho shahidi hakukisema. Pili, “kijana” ni neno pana. Linamfaa mwenye miaka 17 na mwenye miaka 33. Tatu, “mweupe” kwa wasemaji wengi ni Mwafrika mwenye ngozi isiyokoza. Likifasiriwa neno kwa neno, mtuhumiwa anageuka Mzungu. Likifasiriwa kwa kukisia, linaingiliana na “maji ya kunde”, ambalo si kitu kilekile.

Nne, na hili ndilo kubwa, “nikamfahamu” lina maana mbili. Linaweza kumaanisha kwamba shahidi alikuwa akimjua mtu huyo tangu zamani na akamtambua palepale, au kwamba alimkazia macho kiasi cha kuweza kumkumbuka baadaye. Sheria huzitenganisha hali hizi mbili, na kumtambua unayemjua hupewa uzito zaidi kuliko kumtambua mgeni, ingawa hata jamaa wa karibu anaweza kufananishwa. Kitenzi kimoja kikifasiriwa vibaya kinaweza kuuhamisha ushahidi kutoka kundi moja hadi jingine.

Upande wa pili wa sarafu ni utajiri. “Mwanya”, “makengeza”, “chongo”, “komo”, “chunjua”, “nywele za kipilipili” na “nywele za singa” ni maneno mafupi yanayobagua sura kwa usahihi. Bertillon alilazimika kuutunga msamiati wake na kuwafunza askari. Wasemaji wa Kiswahili wanao tayari sehemu kubwa ya wao, na unapotea pale unapofasiriwa kwa maneno ya jumla.

6.0 Mashine nayo

Inaweza kudaiwa kwamba suala hili litapitwa na wakati, kwa kuwa kamera za usalama zimetandazwa Nairobi, Kampala na kwingineko, na programu za kulinganisha nyuso zinaenea. Historia inatuonya. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018, uliotumia picha za wabunge, wakiwamo wa Rwanda, ulionyesha kwamba programu za kubaini jinsia kwa sura zilikosea kwa hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, na kwa asilimia 0.8 tu kwa wanaume wenye ngozi nyeupe. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliripoti kwamba katika programu nyingi ilizozipima, kiwango cha kuwalinganisha kimakosa watu wawili tofauti kilikuwa cha juu zaidi kwa nyuso za watu wa baadhi ya maeneo, yakiwamo Afrika Mashariki, mara nyingine kwa tofauti ya mara 10 hadi 100.

Zaidi ya hayo, mashine hutoa orodha ya wanaofanana, na binadamu ndiye anayesema “huyu ndiye”. Mwaka 2020 polisi wa Detroit walimkamata mtu mbele ya familia yake kwa wizi ambao hakuufanya. Programu ilikuwa imeitoa picha yake, kisha mtu ambaye hakuwapo dukani, aliyeitazama video tu, akaichagua. Hapakuwa na maelezo ya kwanza ya kuipimia picha hiyo.

7.0 Hitimisho

Mahakama za eneo hili zilitambua tangu mwaka 1942 kwamba maneno ya shahidi ni kielelezo. Kilichobaki ni kuyatunza kama vielelezo vingine vinavyotunzwa. Makala haya yanapendekeza mambo manne. Maelezo ya sura yaandikwe au yarekodiwe kwa lugha aliyoitumia shahidi, neno kwa neno, pamoja na swali aliloulizwa, kabla hajaonyeshwa picha yoyote. Tafsiri iambatishwe, isiyachukue mahali pa maneno ya awali. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama yaandae, pamoja na wapelelezi, msamiati wa sura unaozingatia tofauti za lahaja kuanzia pwani hadi mashariki ya Kongo. Mwisho, matokeo ya programu ya nyuso yasitoshe peke yake kumkamata mtu, na yalinganishwe daima na maelezo ya kwanza pale yanapokuwapo.

Mapendekezo haya hayahitaji mitambo. Yanahitaji kalamu, kinasa sauti na askari aliyefunzwa kuuliza, shahidi anaposema “nikamfahamu”: ulimfahamu vipi, na tangu lini?