Silinda namba 3: kisa cha kipoza oili cha Volkswagen

Wadau, leo tuipumzishe siasa kidogo. Nataka tuzungumzie kipande kimoja cha gari ambacho wengi wetu tunaendesha miaka kumi bila kujua kwamba kipo, mpaka asubuhi moja tunapokuta doa jeusi pale tulipoegesha. Ni kipoza oili. Mafundi wa mtaani wanakiita "oili kula", na jina limekaa vizuri kwa bahati tu: kikishatoboka, kinakula oili kweli kweli.

Kazi yake haina makuu. Oili ndani ya injini hailainishi vyuma tu, inabeba na joto pia. Ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, utando wake unakatika, chuma kinasaga chuma, na neno linalofuata gereji sote tunalijua: imenoki. Kwa hiyo oili inapitishwa kwenye kitu mfano wa rejeta ndogo, inapoa, inarudi kazini.

Sasa historia inaingiaje hapa? Inaingia hivi: ukitaka kuelewa kwa nini kipande hiki huvuja, na ukague nini kabla hujamkabidhi mtu pesa yako, hakuna mwalimu bora kuliko Volkswagen ile ya mviringo, Beetle. Ndiyo, ile ya Ferdinand Porsche, iliyozaliwa kwa amri ya utawala wa Hitler miaka ya 1930, kisha ikafufuliwa mwaka 1945 kwenye kiwanda kilichopigwa mabomu pale Wolfsburg, chini ya usimamizi wa Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza. Wazee wetu wanaikumbuka kwa jambo jingine. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye tuliyajua kama Safari Rally, mwaka 1962 yalichukuliwa na Beetle ya Tommy Fjastad. Vumbi, matope, milima, na injini haina hata tone la maji.

Hapo ndipo penyewe. Beetle haina rejeta ya maji. Injini yake iko nyuma, ina silinda nne zilizolala mbili kila upande, na inapozwa na upepo wa feni inayozungushwa na mkanda. Ni jambo lililowauzia magari mengi sana: hakuna maji ya kuchemka, hakuna maji ya kuganda wakati wa baridi. Lakini joto halipotei kwa sababu umeondoa maji. Sehemu kubwa ya mzigo iliangukia oili, na oili yenyewe ilikuwa lita mbili na nusu tu, bila filta ya karatasi, ikiwa na chujio la waya peke yake. Ndiyo maana kiwanda kilitaka ibadilishwe kila kilomita 5,000. Gari la namna hiyo likivuja lita moja, limepoteza karibu nusu ya damu yake.

Wahandisi walikiweka wapi kipoza oili? Ndani ya boksi la bati la feni, kimesimama wima juu ya injini upande wa kushoto. Kwa akili ya haraka ni uamuzi mzuri, maana upepo upo tayari. Tatizo ni kwamba chini yake palikuwa na silinda namba 3, ile ya kushoto iliyo mbele, upande wa abiria. Upepo uliokuwa uifikie ulizuiwa na kipoza, na ule uliopenya ulikuwa umeshachukua joto la oili. Wenzake watatu wanapulizwa upepo wa maana, yeye anapulizwa hewa ya moto. Matokeo yakawa maarufu kwenye gereji za dunia nzima: valvu ya kutolea moshi ya namba 3 ndiyo iliyoungua mara nyingi kuliko zote, na ilipokatika kichwa kikadondokea kwenye pistoni, mwenye gari alikuwa ananunua injini.

Nimeandika haya yote kwa sababu moja. Kipoza oili si kipande cha pembeni ambacho kikivuja unaziba na kusahau. Oili ikivujia ndani ya lile boksi la bati, feni inaipuliza kwenye mapezi ya silinda, vumbi linanata juu yake, linakuwa kama blanketi, na namba 3 ambayo tayari ilikuwa na shida inavalishwa sweta.

Halafu kuna suala la nani hasa mwenye kosa. Kwenye injini hii kuna valvu ya presha ya oili: kipande kidogo kama pistoni, kinasukumwa na springi, kimekaa chini ya injini nyuma ya skrubu kubwa. Asubuhi oili ikiwa ya baridi na nzito, presha inakuwa kubwa. Valvu inasukumwa, inafungua njia ya mkato, na oili haipiti sana kwenye kipoza. Injini ikipata moto, oili inakuwa nyepesi, springi inarudisha valvu, njia ya mkato inafungwa, oili yote inapelekwa kupozwa. Ni ubunifu mzuri sana. Sasa fikiria valvu hiyo imenasa kwa uchafu huku imefunga. Unawasha gari alfajiri, presha yote ya oili nzito inavamia kipoza ambacho ni vijibomba vyembamba vilivyounganishwa kwa risasi. Kinapasuka. Unanunua kingine, nacho kinapasuka. Unaambiwa vipuri vya siku hizi ni feki! Kumbe muuaji yuko chini ya injini na hakuna aliyemwangalia. Miongozo ya ukarabati ya Volkswagen yenyewe ilikuwa inasema: ukikuta kipoza kinavuja, kagua na valvu ya presha.

Mwaka 1969, kule New Mexico, Marekani, mhandisi aliyeitwa John Muir alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu asiyejua lolote kutengeneza Volkswagen yake mwenyewe, kikiwa na michoro ya Peter Aschwanden. Kitabu kile kwangu mimi ni tukio la kihistoria kuliko modeli nyingi za magari. Kabla yake elimu hii ilikaa kwa wakala na kwenye vitabu vya mafundi. Baada yake, kijana asiye na hela aliweza kulala chini ya gari lake na kujua anatazama nini. Mfano kwetu sote.

Basi, wale waliojifunza hivyo walikuwa wanafanyaje? Jambo la kwanza hawakuanza kufungua, walianza kwa kuosha. Injini chafu haikuambii kitu, maana oili husafiri. Osha, kausha, washa dakika kumi, zima, kisha mulika kwa tochi ukifuata unyevu kutoka juu kwenda chini. Kwenye Beetle oili inaweza kutoka kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, kwenye mirija ya fimbo za valvu chini ya silinda, kwenye swichi ya taa ya oili, au kwenye sili ya nyuma ya flywheel. Nyingi kati ya hizo zinalowesha maeneo ya chini ya injini. Ukikuta unyevu unaanzia juu upande wa kushoto, unashuka kati ya namba 3 na namba 4, na ukifungua hita gari linanuka oili ya kuungua, hapo mshukiwa ni kipoza.

Mshukiwa tu, bado hajahukumiwa. Kipoza kinakaa juu ya sili mbili za mpira, ndogo kiasi cha kutosha kiganjani. Zikikauka zinavuja, na dalili zake ni zile zile za kipoza kilichotoboka. Kuna watu wamenunua kipoza kizima wakati walichohitaji ni mipira miwili. Na kuna mtego mwingine: injini za zamani zilikuwa na matundu ya milimita 8, za baadaye milimita 10, na sili zake hazilingani. Weka isiyo yake, itavuja siku hiyo hiyo.

Kipimo chenyewe kinafanyika hata uani. Kipoza kinafunguliwa (kwenye injini za zamani lazima boksi la feni litoke, kwa hiyo siyo kazi ya nusu saa), kinaoshwa kwa dizeli ndani na nje, kinakaushwa. Tundu moja linazibwa kabisa, jingine linaungwa na valvu ya tyubu ya baiskeli kwa mpira na klipu. Unakizamisha kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika, kwa sababu ufa mwingine hufunguka chuma kikipanuka, halafu unapiga pampu taratibu mpaka paundi 40 hivi. Usitumie kompresa ya gereji bila kizuizi cha presha, kipoza siyo tairi. Kisha unasubiri. Vipovu vya mwanzo ni hewa iliyonasa kwenye mapezi, vitaisha. Vinavyoendelea kutoka sehemu moja ndiyo jibu. Kisipotoa kitu, badilisha sili, kagua valvu ya presha, rudisha. Lakini kuwa mkweli na kipimo chako: presha ya oili ya baridi inaweza kupita sana hizo paundi 40, kwa hiyo kipoza kilichofaulu kwenye beseni kimefaulu kwenye beseni tu.

Volkswagen wenyewe ilibidi wafike mwaka 1970 kuliondoa tatizo la namba 3. Injini ya 1600 ya modeli ya 1971 ilikuja na kipoza kilichohamishwa nje ya njia ya silinda, kikajengewa kibanda chake cha bati, na hewa ikishakipoza inatupwa nje moja kwa moja. Wamarekani wakakiita kibanda cha mbwa. Walioendelea na injini za zamani waliendelea kurekebisha valvu za namba 3 kwa uangalifu zaidi ya zingine, na Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003.

Najua wengi wenu mnaendesha gari la maji. Kanuni ni ile ile, ila dalili zimehamia ndani. Kwenye magari mengi ya sasa oili na maji vinapita jirani ndani ya kipoza kimoja, vikitenganishwa na bati jembamba. Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili ndiyo kubwa, kwa hiyo bati likitoboka oili inaingia kwenye maji: unakuta utelezi wa kahawia kwenye chupa ya rejeta wakati kijiti cha oili bado kisafi. Ukizima, oili haina presha tena lakini maji ya moto bado yanayo, na hapo yanaweza kurudi upande wa oili. Dalili hizo hizo hutolewa na gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na tofauti ya bei ya kutengeneza ni kubwa mno. Kwa hiyo kabla hedi haijafunguliwa, omba kipoza kitolewe, kizibwe upande mmoja, kizamishwe kwenye maji, na wewe uwepo hapo ukiangalia vipovu.