Jinsi Jicho Linavyotambua Ukingo: Habari za Manowari Iliyofichwa Rufiji

Sisi tukaao Mikocheni, karibu na pwani ya Dar es Salaam, huona jambo hili mara nyingi wakati wa magharibi. Ngalawa iliyotulia baharini haionekani. Ikianza kwenda, twaiona mara moja. Je, sababu yake nini?

Historia ya pwani yetu yatufundisha. Mwaka 1914, vita vilipoanza, Wadachi walikuwa na manowari huku iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba iliizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Mabaharia wakaifunika kwa matawi ya miti, ili ifanane na mikoko.

Hila hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa jicho hutafuta kwanza ukingo, yaani mahali mwanga unapokoma na giza kuanza. Mwaka 1865 mtaalamu Ernst Mach alieleza ya kuwa jicho huzidisha tofauti hiyo: karibu na mpaka, upande wa mwanga huonekana mweupe zaidi, na upande wa giza mweusi zaidi. Baadaye Hubel na Wiesel, walipopima ubongo wa paka, waliona chembe ziamkazo mbele ya mstari wa ukingo, na nyingine ziamkazo zaidi mstari huo ukienda upande fulani. Kwa kazi hiyo walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1981. Bassi, majani yalivunja ukingo wa meli, nayo meli ilikuwa imetulia; jicho likakosa yote mawili.

Lakini milingoti ilipita vilele vya miti, ikaonekana myeusi mbele ya mbingu nyeupe. Tarehe 30 Oktoba Waingereza wakaitambua. Mwezi wa Novemba rubani wao akapita juu kwa eropleni. Na mtu aendaye huona vitu vya karibu vikipita upesi kuliko vya mbali. Hivyo kilicho kirefu hujitenga na kilicho chini yake. Tarehe 11 Julai 1915, eropleni zikiwaelekeza wapiga mizinga, Königsberg iliangamia.

Ndugu wasomaji, elimu hii si ya vita tu. Atakaye kujificha hutulia na kuvunja ukingo wake. Atakaye kuokolewa na afanye kinyume. Mvuvi aliyepatwa na shida baharini asikae kimya akingoja kuonwa. Na asimame, apunge kitambaa cheupe mbele ya tanga jeusi, wala asichoke kukipunga.