Sumu isiyomuua nyuki papo hapo huweza kuangamiza mzinga mzima

NYUKI mmoja si chochote bila wenzake. Mzinga wenye makumi ya maelfu ya vibarua, madume na malkia mmoja huishi kama kiumbe kimoja, kwa hivyo kuhesabu mizoga iliyotapakaa mlangoni hakutoshi kupima madhara ya viuadudu.

Mfano mwafaka ni neonikotinoidi, dawa ambazo aghalabu hupakwa mbegu kabla ya kupandwa. Husambaa katika mmea mzima hadi kwenye chavua na mbochi. Ndani ya mdudu, hukalia nafasi ya asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe baina ya neva. Kipimo kikubwa huua. Kidogo huvuruga kumbukumbu.

Nchini Ufaransa, wafugaji walilalamika miaka ya 1990 kwamba nyuki walioendea alizeti hawakurejea. Serikali ilisimamisha matumizi ya Gaucho kwenye alizeti mwaka 1999. Mnamo 2012, watafiti wa nchi hiyo waliwabandika nyuki vitambulisho vidogo vya kielektroniki, wakathibitisha kuwa waliolishwa thiamethoksamu kidogo tu walipotea njia ya kurudi mzingani kuliko wenzao.

Hasara haiishii kwa waliopotea. Kwa kawaida vibarua wachanga hulea mabuu, na wakikomaa ndipo hutoka kutafuta chakula. Wakubwa wakipungua, wachanga hulazimika kutoka kabla ya wakati, na mabuu yakakosa walezi.

Uzazi nao hudhurika. Malkia hupandwa katika siku chache za ujana wake, kisha huhifadhi mbegu hizo maisha yake yote. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa madume waliokula neonikotinoidi walikuwa na mbegu hai pungufu kwa takriban asilimia 39. Kwa wale nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, walipata mwaka 2012 kuwa makundi yaliyokula imidaklopridi yalitoa malkia wapya pungufu kwa asilimia 85. Hili ni pigo kubwa, kwani malkia hao pekee ndio huvuka kipupwe na kuanzisha makundi mapya. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za aina hiyo katika mashamba ya wazi mwaka 2018.

Ajabu ni kwamba wanaopambana na mchwa hutegemea ujamaa uo huo. Fipronili haimfukuzi mchwa wala haimuui mara moja. Humwacha arudi kichuguuni, ambako wenzake humlamba na kulishana naye mdomo kwa mdomo hadi sumu ikaenea.